Bega Langu na Kosa Lisilo na Mwenyewe

Wadogo zangu mnaofunga mizigo ya malori yadini Clairwood, haya nayaandika mwenyewe, juu ya kiti cha plastiki nilichokigeuza meza, kwa sababu meza ya nyumbani iko juu sana kwa bega langu la kulia. Nilisoma mpaka la tatu la msingi kwetu Fizi, kisha vita ikafunga shule na mimi sikuifungua tena. Mkiona kosa la herufi, liacheni lilale. Mkiona kosa la kufunga mzigo, nileteeni nilione, maana langu sijawahi kuliona.

Bahati, huyu anayewasimamia sasa, ndiye aliyesema niandike. Anasema mnaulizana kila siku juu ya dosie yangu, faili la kudai fidia: kama nilishinda, kama nilishindwa, kama ni kweli chanjo iliniua mkono. Hata mimi nilijiuliza hayo muda mrefu, na mengine najiuliza bado. Nitaeleza tangu siku ya kwanza, maana nikianza na bega hamtaelewa lilikuwa bega la nani.

Mlinikuta tayari niko Papa Wilo, kwenye karatasi Wilondja, mwenye timu yake, bila diploma na bila mjomba ofisini. Hamkuniona Morningside, nimevaa kizibao cha njano, nikilinda magari ya watu waliokuja kunywa kahawa. Hamkuniona sokoni Warwick nikisukuma toroli la viazi katikati ya teksi, nikitukanwa kwa Kizulu mpaka nikakijua. Kizulu changu cha kwanza kilikuwa matusi. Cha heshima nilijifunza baadaye. Siku moja dereva wa lori la vitunguu akaniuliza kama naweza kwenda naye yadi kumsaidia kukunja turubai, lile sisi tunaita bashi. Nikapanda. Nilikuwa nimevaa viatu vya kanisa, kwa sababu sikuwa na vingine.

Yadini nilimkuta Baba Ngubane, Mzulu mfupi mwenye mikono kama koleo, ndiye mkubwa wa wafungaji. Aliangalia viatu vyangu kwanza.

"Unajua kufunga?"

"Najua, Baba."

Sikujua. Alinipa kamba na kona ya trela, nikafunga lile fundo nililoliona kwetu tangu utoto. Akalivuta kidogo, akalizunguka kama mtu anayekagua gari la kununua.

"Hapa umefunga mbuzi," akasema. "Mzigo hauli majani. Fungua."

Nilifungua mara kumi na nne siku ile. Mara ya kumi na tano hakusema neno, akaenda kunywa chai, na mimi nikajua nimepata kazi.

Baba Ngubane hakuwa mtu wa kusifu, ndiyo maana ilibidi nijifunze kujisifu mwenyewe. Alinifundisha kupiga mkanda wa kufungia mzigo kwa kidole kama waya wa gitaa: sauti ikiwa nene, bado, ikiwa nyembamba, umekaza, mkanda ukinyamaza kabisa, umezidisha, na kona ya sanduku itaukata kabla ya Pietermaritzburg. Alinifundisha kuweka kipande cha tairi kila mahali mkanda unapopinda juu ya chuma. Alinifundisha kumwambia dereva asimame baada ya mlima wa kwanza akaze tena, maana mzigo nao, kama abiria, unachukua muda kukaa vizuri kwenye kiti chake.

Na alinifundisha jambo moja lililokuja kunitesa baadaye. Mzigo, alisema, hauanguki wenyewe. Kweli, mzigo ukianguka njiani, pale yadini hatukuuliza habari ya mvua wala ya barabara. Tuliuliza: nani alifunga upande wa kushoto? Nani alikagua? Tuliuliza mpaka jina litoke, na mwenye jina aseme ndiyo, ni mimi, halafu kazi iendelee. Kosa likikosa mwenyewe, alisema, kesho litarudi kutafuta mtu mwingine.

Sasa kutupa. Ninyi wa leo mnatumia ngazi na mti mrefu wenye ndoano, sawa, ni usalama, patron, mwenye yadi, anapenda. Mimi nilitupa. Unakunja mkanda mara mbili, unauviringisha usiwe mgumu sana, unasimama umbali wa hatua tatu, mkono unanyooka kutoka chini, na bega ndilo linalotupa, siyo kiwiko. Mkanda unafunguka hewani, unapita juu ya mzigo, unaanguka upande wa pili mahali pale pale unapotaka. Madereva wa Zambia walikuwa wanaacha chakula chao waje kuangalia. Nilitupa juu ya marobota ya nguo kuukuu yaliyopangwa mpaka sheria ikaona haya. Sikuwahi kurudia. Mwulizeni mtu yeyote wa zamani, na kama atakataa, mwulizeni mwingine.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa tangi la bia. Lilikuwa linaenda Lubumbashi, refu kama nyumba, jeupe, na la mviringo kabisa. Kitu cha mviringo ni adui wa mfungaji, hakina kona ya kushika. Ukikaza huku linazunguka kule. Mainjinia wawili walikuja na kompyuta, wakapiga hesabu mpaka saa ya chakula. Mimi nilikata matairi ya trekta katikati, nikayapanga chini yake kama mikono ya mama inayobeba mtoto, mpira ukashika chuma, kisha nikavusha minyororo kwa kupishana. Mainjinia wakapiga picha. Tangi lilifika Lubumbashi bila mkwaruzo. Walipoleta barua ya shukrani, jina lililoandikwa lilikuwa la mainjinia, lakini bia ilinywewa.

Hilo ndilo bega. Sasa tufike kwenye sindano.

Ilikuwa wakati wa korona, chanjo zilipoanza kutoka kwa watu wa umri wetu. Patron alileta manesi wawili yadini ili kazi isisimame. Wakafungua meza yao karibu na mizani, na hakuna mtu aliyesogea. Mnakumbuka maneno ya siku zile. Huyu anasema utakosa watoto, yule anasema ni chapa ya shetani, mwingine anasema kaka yake alichomwa, chuma kikaanza kunata kwenye ngozi yake. Patron akasema nusu wachomwe leo na nusu wiki ijayo, ili wote wasilale nyumbani siku moja. Hata hiyo nusu haikutokea. Bahati, wakati ule bado anakunja mabashi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ofisini:

"Aanze Papa Wilo. Si ndiye anaanzaga kila kitu."

Watu wakacheka. Ningefanya nini? Nikaenda.

Nesi alikuwa dada mmoja wa Kizulu, mpole, amechoka tangu asubuhi. Akaniambia nikae, nikakaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, yeye akabaki amesimama. Akauliza mkono gani. Kila mtu mwenye akili anatoa mkono asiotumia. Mimi nikatoa wa kulia.

"Baba, huu si ndio utauhitaji kesho?"

"Sista, weka hapa kwa mkono wa kazi. Huu haujui maumivu."

Ovaroli yangu ilikuwa ya kitambaa kigumu, mkono wake haupandi juu ya kiwiko. Kuivua mbele ya wanaume wote na kubaki na fulana yenye matundu, hapana. Nikafungua kifungo cha juu tu, nikaivuta shingoni mpaka bega likatokea nusu. Nesi akachoma pale palipoonekana. Niliisikia sindano ikigonga kitu kama mlango, lakini uso wangu haukubadilika, na nilijivunia hilo.

Kisha nikafanya kitu kingine. Nikainuka, nikachukua mkanda, na pale pale, mbele ya wote, nikautupa juu ya trela ya mbao. Ulipita vizuri. Nikasema, "Haiumi hata kidogo." Kijana wa ofisini alikuwa anarekodi kwa simu. Patron aliipenda video ile akaituma kwa yadi nyingine zote. Watu walijipanga. Mpaka jioni nusu ya yadi ilikuwa imechanjwa, na sifa zilikuwa zangu.

Jioni ile ile bega likaanza kuwaka. Kesho yake asubuhi sikuweza kuvaa shati. Mke wangu alikuwa amekwama Uvira tangu alipoenda kwenye matanga na mipaka ikafungwa, kwa hiyo nilipigana na shati peke yangu mpaka nikakaa chini. Nikachukua simu kwa mkono wa kushoto, nikamtumia odio, ujumbe wa sauti, dada yangu Riziki, aliyenilea. Kilichokuwa ndani ya odio ile nitasema mbele.

Kazini siku ya pili ofisi walipitisha karatasi ya kuuliza waliochomwa kama kuna mtu anajisikia vibaya. Homa, hapana. Kichwa, hapana. Maumivu ya mkono, hapana. Nikaweka alama zote mwenyewe na saini juu yake. Nusu ya pili ilikuwa bado haijachomwa. Ningesema naumia, nani angetoa mkono?

Wiki ikapita, mwezi ukapita. Wengine wote waliochomwa walikuwa wazima, wananyanyua magunia. Mimi sikuweza kufikisha mkono kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Nikaanza kusema kwamba sasa nafundisha, kwamba wakati wa vijana kutupa umefika. Nilisimama nyuma, mkono nimeutia kifuani ndani ya ovaroli kama jenerali, nikitoa amri. Nilidhani nimewadanganya vizuri.

Nilienda hospitali ya serikali wakati mkono ulikuwa haupandi tena kufika kwenye bega lenyewe. Daktari alikuwa msichana wa Kihindi, wa umri wa binti yangu wa pili. Alinipiga picha za ndani, akainua mkono wangu yeye mwenyewe, akauliza mambo mengi, mwisho akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Anko, siku ya chanjo ulivua shati vipi?"

Nikamwonyesha. Akafunga macho kidogo. Akachukua kalamu, akachora mstari kwenye ngozi yangu, vidole vitatu chini ya mfupa. "Sindano inatakiwa hapa," akasema. Kisha akaweka nukta juu kabisa. "Ukivuta nguo shingoni, nesi anaona hapa tu. Na wewe umekaa, yeye amesimama, mkono wake unatoka juu. Dawa yenyewe haina shida, anko. Dawa iliingia nyumba isiyo yake. Imeingia kwenye maungio, pakavimba, halafu pakaganda."

"Kwa hiyo ni chanjo?"

"Ni mahali ilipowekwa."

"Kwa hiyo ni nesi?"

Akaandika barua, akasema kuna mfuko wa serikali wa watu walioumizwa na chanjo, nipeleke.

Hapo ndipo nilipoingia msituni. Nilianza na ofisi ya fidia za kazini, kwa sababu nilichomwa kazini, saa za kazi, na patron mwenyewe ndiye aliyeita manesi. Wakasema hapana, hii ni ya chanjo, nenda kule. Kule kwa mfuko wa chanjo wakasoma kazi yangu ni nini, wakasema mtu anayetupa mikanda miaka ishirini, bega likiharibika, hii ni ya kazi, umejaribu kule? Nilienda na kurudi mpaka walinzi wa milango yote miwili wakanijua jina. Mmoja aliniuliza kama nimeajiriwa pale.

Na huko njiani nikapata marafiki nisiowaomba. Ndugu mmoja wa kanisani alitaka nisimame mbele ya watu niseme chanjo ni sumu. Nilimwambia yadi nzima ilichomwa dawa ile ile na wote wanatupa, mimi tu niko hapa nimekunja mkono. Akasema shetani amenifunga mdomo. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nilijiuliza kama anasema kweli.

Mwishoni nikampata Mama Wakili. Namwita mama kwa heshima, ana miaka thelathini na kitu, anasaidia watu bure siku fulani za wiki katika ofisi ndogo juu ya duka la mapazia. Alisoma dosie yote. Kisha akanieleza kwamba mfuko ule hautafuti mwenye kosa. Unauliza mambo mawili tu: je, uliumia, na je, maumivu yalitokana na sindano.

"Na aliyekosa?"

"Hatumtafuti, Baba."

"Sasa watajuaje nani alipe?"

"Mfuko unalipa."

"Mfuko ulifanya nini?"

"Haukufanya kitu."

Mimi ni mtu wa yadi. Mtu asiyekosa analipa, na mtu aliyekosa hatajwi, hiyo ni nini? Usiku nililala nikiwapanga wote kwenye mstari: nesi, patron, ovaroli, ndoo ya rangi, mimi. Asubuhi nilikuta wamebadilishana nafasi. Mpaka leo sijawapanga vizuri.

Jibu la kwanza la mfuko lilikuja: wamekataa. Mama Wakili alinisomea sababu. Bega la mtu aliyechomwa vibaya linaanza kuuma mapema, saa chache au siku moja mbili. Lakini huyu mtu, siku ile ile, anaonekana kwenye video akitupa mkanda na kusema haiumi hata kidogo. Siku ya pili amesaini karatasi kwamba haumwi popote. Hospitali amekwenda baada ya miezi. Kwa hiyo ama aliumia baadaye kazini, ama alijiumiza kwa kutupa.

"Video hii ni wewe?" Mama Wakili akauliza.

"Ni mimi."

"Na saini hii?"

"Yangu. Nzuri, siyo?"

Hakucheka. "Baba Wilondja, bila fidia hutapata matibabu ya bega, na kazi huwezi tena. Nahitaji kitu cha siku zile mbili. Mtu uliyemwambia, ujumbe, chochote. Hukumwambia mtu hata mmoja?"

Nikasema hapana, nikaondoka. Kwenye ngazi simu ilikuwa nzito mfukoni kama jiwe la mizani. Odio ilikuwa humo, na tarehe yake. Sikuwahi kuifuta. Lakini mtu akiisikia odio ile, yule Papa Wilo wa video amekwisha. Nilikuwa nimefika nchi hii bila kitu, na kitu pekee nilichokijenga kwa mikono yangu mwenyewe ni lile jina. Sasa naambiwa nilivunje ili nipate bega. Nilitembea mpaka Warwick bila kujua ninapokwenda, nikavuka robot, zile taa za barabarani, ikiwa nyekundu, nikatukanwa tena, safari hii nikaelewa kila neno.

Siku ya tatu nilienda yadini kumwona Bahati. Mama Wakili alikuwa amesema pia kwamba mfanyakazi mwenzangu akiapa aliniona siku zile, itasaidia. Nilimkuta anakula vetkuku, maandazi ya huku, na chai. Nilizunguka zunguka kwa maneno, nikauliza habari ya mama yake, nikauliza habari ya malori, mwisho nikamwambia, polepole, kwamba siku zile baada ya chanjo, kwa kweli, mkono ulikuwa unauma kidogo.

Akaendelea kutafuna.

"Papa, tulijua."

"Mlijua nini?"

"Tangu kesho yake. Ulikuja na vifungo vya ovaroli umefunga mpangilio wa kichaa, na chai ulinywa kwa mkono wa kushoto. Wewe, na ile heshima yako ya mkono wa kulia? Tukasema, vieux, mzee wetu, ameumia."

"Na mkanyamaza?"

"Tungesemaje? Tulikuwa tunakupangia trela za mizigo ya chini, usilazimike kutupa. Zile za mizigo mirefu tulimaliza kabla hujafika. Hukuona tunakuja mapema?"

Nilikuwa nimeona. Nilidhani ni kwa sababu ya uongozi wangu mzuri.

"Lakini weye ulikuwa wa nusu ya pili," nikamwambia. "Kama uliniona nimeumia, juu ya nini ulichomwa?"

"Nilitoa mkono wa kushoto," akasema, "na nikavua shati lote."

Siku ile ile Bahati aliapa kituo cha polisi, mbele ya mtu mwenye muhuri, akaandika yote, pamoja na chai. Na mimi nikampelekea Mama Wakili simu, naye akakata rufaa.

Odio ilikuwa ya Kiswahili, kwa hiyo ilibidi mtafsiri aliyeapishwa na mahakama aiandike kwa Kiingereza. Alikuja Bwana Hamisi, Mtanzania, mtu wa Kiswahili kilichopigwa pasi. Tukakaa watatu kwenye ofisi ile juu ya mapazia, akabonyeza. Sauti yangu ikatoka. "Dada Riziki, mkono umekufa. Jana walinichoma, leo nimeshindwa kuvaa shati. Sijui nitakula nini kama mkono huu umekwenda. Niombee, na usimwambie mtu yeyote." Halafu pana sehemu ndefu isiyo na maneno.

Bwana Hamisi aliandika kila kitu, akarudisha nyuma, akasikiliza ile sehemu ndefu mara mbili.

"Hapa analia," akasema, na akaandika.

"Bwana Hamisi, hilo si lazima uandike. Ni mafua."

"Mzee wangu, nimeapa."

Mama Wakili alikuwa anaangalia dirishani.

Rufaa ilisikilizwa kwa kompyuta, pale pale ofisini. Kulikuwa na nyuso tatu kwenye kioo: madaktari wawili na mama mmoja mwenye nywele nyeupe aliyekuwa mwenyekiti. Waliniuliza juu ya tangi la bia, nikawaeleza mpaka Mama Wakili akanigusa goti. Walimwuliza daktari wangu, kwa simu, kuhusu nguo kuvutwa shingoni. Kisha wakaonyesha video, nikajiona natupa. Nasema ukweli, ulikuwa mtupo mzuri sana. Halafu wakasoma maandishi ya odio.

Mwenyekiti akavua miwani. "Bwana Wilondja, hapa unasema haiumi hata kidogo. Siku inayofuata, hapa, unalia. Na siku hiyo hiyo ya pili umesaini kwamba huumwi. Tuamini lipi?"

Bwana Hamisi akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa. Nilishukuru kwa ule muda.

"Video ni kweli," nikasema. "Wakati ule ilikuwa haijaanza kuuma. Odio ni kweli. Karatasi niliyosaini ni uongo."

"Kwa nini ulisaini uongo?"

Nilitaka kusema kwa ajili ya wale wa nusu ya pili, wapate moyo wa kuchomwa. Ndivyo nilivyojiambia muda wote. Lakini nilikuwa nimekwisha kuambiwa na Bahati kwamba walijua, na walichomwa hivyo hivyo. Kwa hiyo sababu ile ilikuwa haisimami tena, na nyingine sikuwa nimeiandaa.

"Sikutaka watu wajue kwamba naumia," nikasema. "Mama, mimi sina kitu kingine. Mtu akisikia Papa Wilo anaumwa na sindano, atasema nini?"

Bwana Hamisi alitafsiri, polepole kuliko kawaida. Mwenyekiti akaandika kitu. Daktari mmoja aliuliza kama naweza kuinua mkono wangu sasa, kadiri ninavyoweza. Nikauinua. Uliishia pale unapoishia. Wakasema asante.

Barua ilichukua muda. Mama Wakili aliponipigia simu alisema tu nije, na sauti yake haikunionyesha kitu. Nilipanda zile ngazi nikishika ukuta. Ilikuwa kurasa nne. Akaanza kusoma, nikamwomba asome polepole, na bado sikuelewa. Mfuko unakubali dai, lakini haukubali kwamba kuna mtu alifanya kosa. Chanjo inahusika, lakini chanjo ni salama. Bega limeharibika daima kwa kiasi fulani, na kiasi hicho kina namba, na namba hiyo ina jedwali lake. Matibabu yatalipiwa. Nesi hatajwi. Patron hatajwi.

"Kwa hiyo tumeshinda?"

"Tumeshinda, Baba."

"Tumemshinda nani?"

"Hakuna mtu."

Nikamwambia anisomee tena, labda jina liko kati ya mistari. Akasoma tena. Kwenye ukurasa wa tatu nikamzuia kwa mkono. Kulikuwa na sentensi moja ambayo ilikuwa imepita haraka mara ya kwanza. Akairudia, akaniwekea kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza chepesi, ili asiwepo wa kukosea. Ilisema kwamba kamati imemsikiliza mlalamikaji, na juu ya siku aliyoanza kuumia na sababu ya kuficha, inamwamini.

Ndiyo sentensi pekee niliyoielewa katika kurasa nne. Nilimwomba apige mstari chini yake, akapiga. Kisha nikasaini pale aliponionyesha, na nakala ya barua nimempa Bahati, ataibandika karibu na saa ya kuingilia, nendeni mkaisome. Maisha yangu yote nimesifiwa kwa mengi, na mengi ya hayo nilijisifu mwenyewe, mnajua. Hili la kusema kweli nimesifiwa mara moja tu, na lina muhuri.